TUWAFUNZE WATETEZI WA SAA ZA ALASIRI

Naomba nianze na hesabu ndogo ambayo haihitaji kikokotoo. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema kuwa katika shule za kutwa masomo ya darasani huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa unusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kutoka saa tisa unusu hadi adhana ya Magharibi hapa Garissa ni karibu saa 3. Zidisha kwa siku 5, unapata saa 15 kila wiki. Hizo ni saa ambazo mtoto si wa mwalimu tena, na wala hajawa wa mzazi, maanake mama bado yuko sokoni na baba yuko kwa mifugo au yuko safarini. Je, saa hizo ni za nani?

Mnajua wenyewe zinakokwenda. Wako wanaoshuka kuogelea Mto Tana, mahali ambapo mamba hawana likizo. Wako wanaoendesha mikokoteni ya punda ya maji kutoka bulla moja hadi nyingine, na wengine hukaa kando ya vibanda vya miraa wakisikiliza mazungumzo ya watu wazima yasiyowahusu ndewe wala sikio. Wasichana hao hatuwaoni kabisa. Wao wako na ndoo, na jiko, na mtoto mgongoni. Sisemi kazi ya nyumbani ni mbaya, la hasha! Mtoto asiyemsaidia mamake hana adabu. Nasema tu kwamba msichana anayefungua daftari saa tatu usiku, macho mekundu kwa moshi, hashindani sawa na mwenzake aliyepata saa moja ya utulivu kabla ya jua kuchwa. Mtihani hauulizi nani alichota maji.

Ninapotaja programu za baada ya shule sina maana ya kitu kigeni. Ni kusoma maktabani, kufanya kazi ya ziada pamoja na mtu wa kukuelekeza, vilabu, mpira, mashindano ya mijadala. Hata jarida hili unalolishika mkononi ni mtoto wa saa hizo, kwa sababu Chama cha Kiswahili hakikutani wakati wa hesabu. Wengi wetu lugha ya nyumbani ni Kisomali, na Kiswahili chetu cha kuthubutu kusimama na kusema mbele ya watu tulikipata alasiri, chini ya mwarobaini, tukichekana matamshi.

Sasa niseme maoni yangu bila kuzungukazunguka. Watu husema programu hizi zinakosekana kwetu kwa sababu ya ukosefu wa pesa. Mimi nasema pesa ni nusu tu ya maneno. Zinakosekana, na zikianzishwa zinakufa, kwa sababu hazina watu wa kuzisemea. Tunahitaji watetezi wanaotoka katika jamii yenyewe, na watetezi hao wafunzwe kazi hiyo kama fundi anavyofunzwa kushika nyundo.

Katika mtaa ninaokaa palikuwa na kituo cha watoto cha alasiri kilichofunguliwa na shirika moja ambalo sitalitaja. Siku ya ufunguzi kulikuwa na turubai, soda, fulana zenye maandishi na mpiga picha. Kituo kilikaa kama miaka miwili. Mfadhili alipomaliza mpango wake, kufuli kubwa ikaingia mlangoni, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekwenda kwa chifu kuuliza kulikoni. Hata mmoja! Nilimwuliza mzee jirani yetu kwa nini watu walinyamaza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua ni kali. "Ilikuwa yao," akasema. "Walikuja nayo, wamekwenda nayo."

Linganisha na duksi. Kabla ya mtu yeyote kuleta semina Garissa, duksi ilikuwapo. Mtoto hutoka shuleni, hula, hubeba ubao wake au msahafu wake, huenda kwa maalim. Wengine huenda alfajiri pia, na wikendi. Hakuna balozi wa nchi yoyote anayegharimia. Wazazi humlipa maalim wao wenyewe, na huko malishoni tangu zamani wengine wamemlipa kwa mbuzi. Duksi huhama na ng'ombe, huhama na ngamia, huvuka ukame na mafuriko. Ukiifunga duksi leo, kabla ya Isha utakuwa na umati mlangoni ukitaka maelezo. Kwa nini? Kwa sababu kila mzazi ni mtetezi wake. Anajua inamfaa nini mtoto, anajua nani anawajibika, na haoni haya kuuliza.

Basi duksi ndiyo programu ya baada ya shule kongwe kuliko zote katika sehemu hii ya nchi, nasi tumeitazama kila siku bila kujifunza siri yake. Wapangaji wengi wakija huihesabu kama kikwazo. "Watoto hawaji kituoni, wako duksi." Mimi naona mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mtu wa kwanza kuketi katika mafunzo ya utetezi angekuwa maalim. Yeye ndiye anayejua ni mtoto gani amekosa wiki nzima na kwa nini. Yeye akisema Jumanne na Alhamisi duksi itaanza baada ya Alasiri kwa kuchelewa kidogo ili watoto wapate kusoma, hakuna atakayepinga. Akisema afisa kutoka ofisini, itakuwa vita.

Mfano mwingine ni maktaba ya ngamia. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa lilianzisha hapa Garissa huduma ya kuwapelekea watu vitabu kwa ngamia. Lilianza na ngamia watatu, wakibeba masanduku ya vitabu na hema la kusomea. Dunia nzima ilistaajabu, wakaja na kamera. Sisi hatukustaajabia ngamia, maanake ngamia si habari kwetu. Lakini ndiyo busara yake ilipokuwa. Mfugaji ambaye hangekanyaga jengo la maktaba mjini aliuona mnyama anayemfahamu, akasogea kuuliza amebeba nini leo. Habari njema ilikuja kwa sura isiyomtisha. Mtetezi ninayemzungumzia ana kazi hiyohiyo: awe sura inayojulikana.

Kuna jambo jingine zito, nalo wakubwa wetu hulisema kwa sauti ya chini. Novemba 2014 basi lililokuwa limetoka Mandera lilitekwa na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa hapahapa mjini kwetu, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kama kilivyoitwa wakati huo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu waliokwenda. Nani asiyependa uhai wake? Waliobaki, na waliorudi, na wenyeji waliojitosa kuziba pengo, tunawavulia kofia. Lakini mwalimu anayebeba madarasa mawili asubuhi huwezi kumtarajia aendeshe klabu saa kumi jioni na bado awe na sauti. Yaani saa za alasiri zikitegemea walimu peke yao, zimeanguka kabla ya kuanza. Lazima zisimamiwe na watu wa mtaani.

Na hapa nina la kuteta na wageni wengine wa semina. Wakiomba pesa za programu za vijana wa Kaskazini Mashariki husema zitawazuia vijana wasijiunge na magaidi. Mimi sikatai kwamba kijana mwenye shughuli ni vigumu kumhadaa. Lakini fikiria mzazi anayesikia jambo hilo barazani. Anaambiwa, "Tupe mtoto wako tumfundishe kusoma, asije akawa gaidi." Je, mtoto wa Nyeri au Kisumu akipelekwa klabu ya hesabu, huambiwa hivyo? Mzazi huondoka amevunjika moyo, na kesho mtoto haji. Mtetezi wa kwetu, akifunzwa vizuri, hatatumia lugha hiyo. Atasema, "Mtoto wako ana akili, naye hana pahali pa kukaa na kitabu."

Lakini kwani ni lazima afunzwe? Si mtu akiwa na moyo inatosha? Nimewahi kusikia mwenzangu darasani akisema hivyo. Moyo ni mzuri, tena ndio mwanzo. Nilimwona mama mmoja muuza maziwa ya ngamia akiwashinda wote katika mkutano wa wazazi. Wazazi walikuwa wamegoma wasichana wasibaki shuleni jioni. Mwalimu akaeleza, akaeleza, akachoka. Yule mama akasimama, akasema kwa Kisomali, nami natafsiri: "Mnaogopa njia, si kitabu. Mimi hufunga biashara saa kumi na moja. Wasichana wa bulla yetu watatoka pamoja nami. Bulla zenu hazina mama?" Ukumbi ukacheka, na wanawake wengine wanne wakainua mikono. Suala likaisha dakika hiyo. Nani angeweza kulimaliza hivyo? Hata waziri asingeweza.

Hata hivyo mama huyohuyo, ukimpeleka mbele ya ofisi, utamwona anapotea. Si kwa kukosa akili. Hakuna aliyemwambia mlango upi ni wa nani. Na milango hii, jameni, imepangwa kwa namna ya kumchosha mtu. Mwalimu na darasa la msingi na la sekondari ni shughuli ya serikali kuu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti kazi nyingine, zikiwemo maktaba na viwanja vya michezo. Kwa hiyo mtu anayekwenda kwa mwakilishi wa wadi kuomba walimu atarudishwa kwa heshima na mikono mitupu. Akiomba chumba cha kusomea chenye taa na vitabu, au uwanja wenye uzio, ameomba kitu ambacho kaunti haiwezi kusema si chake. Tofauti ya maneno machache tu, lakini maneno hayo ndiyo mafunzo.

Tena kuna wakati wa kuomba. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kaunti kwa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Katiba inataka wananchi washirikishwe, na vikao huitishwa. Watu wetu huenda? Huenda wachache, na wanaokwenda huzungumzia maji na barabara, kwa haki kabisa, maana kiu haingoji. Saa za alasiri za mtoto hazitajwi kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuzitaja. Anayekuja kulalamika mwezi wa Mei amekuta sahani zimekwisha oshwa.

Na kuna sheria za shule zenyewe. Wazazi wengi wakisikia neno "masomo ya jioni" hufikiri ni tuisheni, na wanajua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo. Mtetezi aliyefunzwa atawaambia kuwa zile kanuni za 2015 zimetenga wakati kuanzia saa tisa unusu hadi saa kumi na moja kasorobo kwa michezo na vilabu. Si hisani ya mwalimu mkuu, wala si kuvunja sheria. Atajua pia kwamba Bodi ya Usimamizi ya shule ina nafasi za wawakilishi wa wazazi na jamii, kwa hivyo kuna viti ambavyo mtu wa bulla anaweza kuvikalia badala ya kusimama nje ya lango akinung'unika.

Wasiosadiki kwamba watu wa kawaida wanaweza kufunzwa mambo haya nawakumbusha ya afya. Polio ilipozuka Dadaab mwaka 2013, kazi ya kuwashawishi wazazi nyumba kwa nyumba haikufanywa na madaktari peke yao. Ilihitaji watu wa palepale wenye lugha ya palepale. Na mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, watu waliochaguliwa vijijini mwao, wakafunzwa, wakapewa mikoba ya vifaa na posho. Kama mama wa kijijini anaweza kufunzwa kupima presha na kujua ni lini ampeleke mgonjwa hospitalini, atashindwa vipi kufunzwa kuuliza maswali matatu katika kikao cha bajeti?

Hata ng'ambo si vingine. Kule Marekani serikali kuu hutoa fedha kwa vituo vya masomo ya baada ya shule, na tangu mwaka 2000 kila Oktoba kuna siku ambayo vituo hivyo huwasha taa na kuwaalika wazazi na wakubwa waje waone. Mwaka 2017 ilipopendekezwa fedha hizo zifutwe, watu wa mitaani wakawaandikia wabunge wao, na fedha zikabaki. Nchi tajiri kama ile! Kama wao wanahitaji watu wa kusemea saa za alasiri, sisi je?

Wako watakaosema mafunzo yatageuka biashara ya posho. Hofu hiyo ninayo hata mimi. Tumeziona semina za hotelini ambapo watu hujifunza kutia sahihi tu. Ndiyo maana sitaki mafunzo ya hotelini. Nataka yafanywe darasani kwetu, Jumamosi nne asubuhi, yaishe kabla ya Adhuhuri, kwa Kisomali na Kiswahili, pamoja na chai na nauli kwa anayetoka mbali kama Bour Algy. Anayekuja kwa sababu ya bahasha atachoka Jumamosi ya pili, na hiyo itakuwa faida.

Wachaguliwe nani? Kila bulla inayoleta watoto katika shule yetu itoe watu watano. Ningependa awemo mama mfanyabiashara, maalim wa duksi, mzee anayesikizwa, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne ambaye bado yuko mtaani, na mzazi wa mtoto mlemavu. Huyu wa mwisho nasisitiza. Mtoto wa kiti cha magurudumu katika mchanga wa Garissa ndiye wa kwanza kuachwa nje ya programu yoyote, na mzazi wake ndiye asiyechoka kuuliza. Msituletee wanasiasa wanaojitayarisha kwa uchaguzi. Tunawajua kwa viatu.

Jumamosi ya kwanza watembee tu. Wahesabu mtaani mwao watoto wangapi wako wapi saa kumi jioni, na vyumba vingapi vimefungwa bure, kwa sababu madarasa matupu alasiri ni mali inayolala. Ya pili wafundishwe milango na tarehe nilizotaja. Ya tatu wajifunze kuandika ombi la ukurasa mmoja, lenye idadi waliyoihesabu wenyewe, maana afisa hukwepa kilio lakini hakwepi hesabu. Jumamosi ya nne, ambayo ndiyo naipenda, iwe baraza la mfano. Mmoja awe chifu, mmoja mwakilishi wa wadi anayetazama saa yake, mmoja mzazi mkali anayesema wasichana wasichelewe. Mtetezi apewe dakika tatu aseme. Akitetemeka, arudie.

Kazi hiyo ya mwisho nasi wanafunzi tunaiweza. Chama chetu kimekuwa kikishindana mijadala kila muhula. Tunajua jinsi ya kupinga hoja na jinsi ya kumnyima mtu nafasi ya kupumua. Badala ya kubishana kila mwaka kama mjini ni bora kuliko kijijini, twende tukawe wapinzani wa wazazi wetu katika mabaraza hayo ya mfano, kwa adabu bila shaka. Nadhani kumpinga eedo yako mbele ya watu, kwa ruhusa, ni nafasi isiyopatikana mara mbili.

Mwalimu mlezi amekubali tulete jambo hili mbele ya Bodi na Chama cha Wazazi. Mpango wa kaunti hauna budi kufika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa hiyo Jumamosi zetu nne lazima ziwe zimekwisha kabla ya likizo ya Agosti. Karatasi ya majina imebandikwa mlangoni mwa maktaba. Andika jina la bulla yako na la mtu unayeona anafaa, lakini umwulize kwanza mwenyewe kama anataka. Watakaocheza nafasi ya chifu na ya mzazi mkali tutawachagua Alhamisi, saa kumi, palepale chini ya mwarobaini.